Sharti la Mwalimu Cleophas

Nyanchera alijua kuna jambo aliposikia baba yake akicheka.

Kwa miezi minane Mwalimu Cleophas hakutaka hata kulisikia jina la Masese katika boma lake hapo Nyakoe. Jirani akilitaja, alimkatiza kwa habari za mvua. Na leo, Jumapili mchana, Masese huyo huyo alikuwa ameketi kwenye kochi la sebuleni, baba yake mdogo Nyabuto ubavuni, na Mwalimu akicheka kicheko cha kutoka tumboni ambacho Nyanchera hakuwa amekisikia tangu mama yake azikwe.

Yeye alikuwa jikoni akipakua mboga za chinsaga. Mkono wenye kijiko ukasimama hewani.

"Shangazi, umesikia?"

Drusilla, dada mkubwa wa Mwalimu, alikuwa anasonga ugali wa wimbi. Hakugeuka. "Nimesikia."

"Basi wameelewana!"

"Namjua mdogo wangu. Hachekei bure. Kuna kitu amepewa."

Nyanchera hakutaka kulisikia hilo. Alivua aproni, akajifuta jasho usoni, akanyanyua sinia. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana wa shule, naye alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, muuguzi ambaye hata madereva wa ambulensi humwogopa.

Kila alipoingia mahali alipokuwa Masese, macho ya mwanaume yule yalimtafuta kwanza. Hata kwenye mikutano ya hadhara, katikati ya vumbi na vuvuzela, yalitangatanga mpaka yakampata, ndipo yakatulia. Leo aliingia na sinia lake, na Masese akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Keti, mama," Mwalimu alimwambia, akipigapiga kiti kando yake. "Leo wewe si wa kupakua. Keti usikie habari njema."

"Habari gani, Tata?" Tata ndivyo alivyomwita baba yake, kwa Ekegusii, tangu alipoanza kusema.

"Mwenzako amepata akili. Nilimpa sharti moja tu. Nilimwambia binti yangu sikatai kumtoa. Ninachokataa ni kumwoza kwa mtu ambaye kila baada ya miezi miwili nasikia amelala seli. Nikamwambia aache huo upinzani wake. Na ameacha!"

Nyabuto alikohoa, akajifanya kutafuta leso mfukoni.

"Ameacha vipi?" Nyanchera aliuliza.

"Kesho asubuhi, katika bunge la kaunti, anaondoa hoja yake, anavuka upande wa gavana. Barua imeshaandikwa. Kabla mwezi haujaisha ni waziri wa kaunti. Waziri, Nyanchera! Mambo ya ng'ombe wa mahari tumeshakubaliana, hakuna maneno tena."

"Hoja ipi?"

Aliijua. Alitaka aisikie kutoka kinywani mwa mtu aliyempenda.

"Ya kufungua wodi," Masese alisema, bado anaongea na viatu.

Nyanchera aliinuka. "Samahani, Tata. Nakuja." Akapita mlango wa nyuma, akakatiza ua, akaingia migombani hadi mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani ambaye angeuona uso wake.

Yeye na Masese walikuwa wamekutana kwa sababu ya wodi hiyo. Ilijengwa kando ya kituo kidogo cha afya alikofanya kazi Nyanchera, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Nyaramba. Jengo zuri la bati jekundu, vitanda kumi na viwili vya akina mama bado vimevikwa nailoni. Lakini mlango wake ulikaa na kufuli miaka miwili, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanabishana nani ataifungua na lini. Asubuhi moja ya mvua kubwa, mama mmoja aitwaye Sharon alijifungulia kwenye benchi la veranda, hatua sita kutoka mlango ule. Mtoto alilia vizuri. Sharon akaanza kuvuja damu, na gari la kumkimbiza Kisii lilipofika, vidole vyake vilikuwa vimeshapoa ndani ya kiganja cha Nyanchera.

Masese, mwakilishi wadi, alikuja matangani. Nyanchera alitarajia hotuba. Masese hakuomba hata kipaza sauti. Alikaa nyuma na akina mama, kisha akamfuata Nyanchera alipokuwa amesimama na kikombe cha chai, akamwomba amweleze kila kitu tangu mwanzo, akaandika kwenye daftari la mtoto wa shule.

"Utaandika, halafu utasahau," Nyanchera alimwambia siku ile.

"Nikisahau, nipigie unitukane." Akampa namba.

Hakumpa sababu ya kumtukana. Alikuwa mtoto wa mchuma chai, aliyeangushwa kwenye uchaguzi wake wa kwanza, akarudi tena, akapita kwa tofauti ya kura arobaini na moja. Bungeni, upande wao walikuwa tisa kati ya wajumbe thelathini. Ofisi yake ilipobadilishwa kufuli, alihamia kwenye kibanda cha kinyozi, akawa anasikiliza shida za watu huku mashine inanguruma. Alilala seli mara mbili baada ya mikutano, na mara zote mbili alipotoka alimpigia Nyanchera kabla ya wakili. "Nimetoka," alisema. "Usilie sasa." Ni hapo katikati, bila yeyote kumtangazia mwenzake, walipojikuta wanapendana.

Majani makavu ya mgomba yalilia nyuma yake.

"Nyanchera."

"Usinishike."

Mkono uliokuwa karibu kufika begani pake ukarudi.

"Ungeniambia lini? Kesho kwa redio?"

"Nilitaka kukwambia leo, kabla ya chakula. Baba yako akanitangulia."

"Barua uliandika lini?"

"Jumatano."

"Jumatano tuliongea kwa simu nusu saa. Uliniuliza napenda gauni la rangi gani." Aligeuka kumtazama. "Barua ilikuwa mfukoni wakati unaniuliza rangi ya gauni?"

Mkono wa Masese ulipanda wenyewe kwenye mfuko wa shati, na Nyanchera akapata jibu lake.

"Nimefanya kwa ajili yako," Masese alisema. "Unafikiri napenda? Ulikaa pale Mosocho, kwenye ule mkahawa, ukalia mbele ya watu. Ukaniambia huwezi kuolewa bila baraka za mzee wako, na mzee wako hawezi kunikubali. Nilikusikia. Nimechoka kuwa mtu anayekuliza."

"Kwa hivyo umemuuza Sharon ili uninunulie baraka."

Uso wa Masese ukabadilika kama mtu aliyepigwa kofi. "Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe."

"Hoja ingeshindwa! Tisa kwa ishirini na moja, hata mtoto anajua hesabu hiyo. Ingeshindwa kesho, na keshokutwa niko pale pale. Sina ofisi, sina jina, sina wewe. Nikiwa waziri nitaifungua hiyo wodi kwa mkono wangu."

"Wamekuahidi?"

"Wamesema wataangalia."

"Wataangalia." Nyanchera alicheka kwa uchungu. "Masese, mimi ndiye ninayewaona wale akina mama. Wanakuja na mabeseni yao, wanauliza, sista, yule mheshimiwa wetu amefika wapi? Nawaambia subirini, huyo hanyamazi. Kesho niwaambieje? Amenyamaza, anaoa?"

Walikuwa wamekaribiana bila kujua. Aliweza kuona uzi uliolegea kwenye kola ya shati lake, lile jeupe alilomchagulia yeye mwenyewe mjini Kisii. Mwili wake wote ulitaka kuegemea pale kifuani na kuyaacha maneno. Alijikumbatia ili mikono yake isimsaliti.

"Nilikupenda kwa sababu ulikuwa hununuliki," alisema polepole. "Sasa nikupende kwa lipi? Gari la bendera?"

"Na mimi nikikupoteza wewe," Masese alisema, na safari hii alimtazama machoni, macho mekundu, "hiyo hoja itanipikia chai asubuhi? Itaniuliza nimelala vipi? Niambie, Nyanchera. Kwa sababu wewe unaongea kama mimi sina moyo."

Kama Masese angekuwa mwongo, au mroho, ingekuwa rahisi kumwacha. Alikuwa mtu aliyechoka, anayempenda, na amekosea.

"Nyinyi! Wageni wanasubiri." Mwalimu Cleophas alikuwa amesimama mwisho wa migomba, Drusilla nyuma yake na unga wa wimbi bado mikononi. Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na furaha ikamtoka usoni. "Kuna nini?"

"Sitaki, Tata."

"Hutaki nini?"

"Kuolewa na mtu aliyenyamazishwa kwa jina langu. Akiondoa hoja ile, arudi kwao na ng'ombe wake."

"Umerukwa na akili?" Sauti ya Mwalimu ilipanda, ile sauti iliyowahi kunyamazisha shule nzima. "Miezi minane unanikasirikia hapa kwa sababu ya huyu. Leo nimemkubali, unamkataa? Unajua nini wewe kuhusu upinzani? Muulize shangazi yako! Osoro wake alikuwa diwani hapa hapa. Mtu mzuri, huyu wako hamfikii. Upinzani ulimla akaisha. Alikufa na miaka arobaini na miwili, na dada yangu akarudi kwetu na begi moja. Ni mimi nilimwendea. Nililibeba lile begi kichwani." Alijifuta macho kwa kiganja. "Sitakubebea wewe begi, Nyanchera. Sina nguvu hizo tena."

Nyanchera alikuwa ameisikia hadithi hiyo tangu utotoni. Hakuwahi kuona machozi ya baba yake ndani yake.

"Cleophas," Drusilla alisema. "Waambie yote."

"Yote yapi?"

"Waambie ni nani alipeleka barua ya Osoro."

Mwalimu aligeuka. "Dada, hayo ni ya zamani."

"Yamekuja yenyewe leo, mezani kwako, sikuyaita mimi." Drusilla alijipangusa mikono kwenye leso yake, kidole kwa kidole, kama anayejipa muda. Kisha akamwambia Masese, si Nyanchera: "Mume wangu hakuuawa na upinzani. Walikuwa wanamchapa, anarudi nyumbani anaimba nyimbo za kanisa huku nikimkanda kwa maji moto. Aliyeogopa ni mimi. Nilikuwa nimeharibu mimba mbili, nikafikiri ni kwa sababu ya hofu. Nikamwambia achague, ni mimi au ni chama. Akanichagua mimi. Aliandika barua ya kuvuka siku hiyo hiyo, na huyu mdogo wangu akaipeleka kwa bwana mkubwa wa wilaya kwa baiskeli."

Drusilla aliifunga leso upya kiunoni.

"Watu waliompigia kura hawakumtukana. Wangemtukana ingekuwa afadhali. Waliacha tu kumsalimia. Alikuwa akipita sokoni, watu wanainama kupanga ndizi ambazo zimeshapangwa. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kuimba. Akaanza kunywa, yeye mzee wa kanisa. Alidumu miaka miwili. Na hata siku moja hakunilaumu, mwanangu. Alikuwa akikaa mlangoni ananitazama kwa upole, na mimi nikajua nimemwokoa mtu ambaye hayupo tena."

Mwalimu Cleophas alikuwa ameshika mgomba kama mtu aliyeishiwa pumzi. "Nilidhani nakusaidia," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Na mimi nilidhani namsaidia."

Masese alisogea hatua moja mbele. "Barua yangu iko kwa Spika tayari," alisema. "Inasomwa kesho saa tatu. Nikisimama kabla haijasomwa, naweza kuikana." Akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, naomba nikuulize kama mtoto wako. Nikisoma hoja kesho, nitakaribishwa hapa tena?"

Ingekuwa rahisi kwa mzee kunyamaza. Lakini alikuwa ameaibika mbele ya binti yake, mbele ya dada yake, na kiburi ndicho kitu pekee kilichobaki karibu.

"Ukiisoma," alisema, "usiliguse lango langu." Akaondoka kwa hatua nzito kuelekea nyumbani.

Masese alimgeukia Nyanchera. "Na nisipoisoma?"

Nyanchera alitamani dunia impe neno jingine. "Usije kwangu."

Masese alimtazama kama anayetaka kuondoka na uso wake wote. Kisha akaenda kumwita baba yake mdogo. Chakula kilibaki mezani bila kuguswa na yeyote.

Jumatatu Nyanchera alikuwa kazini mapema. Ilikuwa siku ya kupima watoto uzani, na veranda ilijaa akina mama. Dirishani pa duka la dawa kulikuwa na redio ndogo iliyokuwa ikirusha kikao cha bunge, mtangazaji akifafanua kwa Ekegusii. Nyanchera aliwapima watoto watatu, akaandika uzani wa mmoja kwenye kadi ya mwingine, akafuta.

Spika alisema ana barua ya mheshimiwa mmoja anayotaka kuisoma.

"Jambo la nidhamu, Mheshimiwa Spika."

Ni sauti ya Masese. Nyanchera alimshikilia mtoto kwenye mizani, hakumteremsha.

Spika akampa ruhusa. Kisha: "Barua hiyo ina sahihi yangu. Sikulazimishwa, niliitia mwenyewe. Naiomba irudishwe, na nawaomba radhi watu wa wadi yangu kwamba niliiandika. Sasa naomba kusoma hoja."

Kelele zikalipuka. Meza zikapigwa. Mtu alipiga ukelele wa "Msaliti!" na haikujulikana ni wa upande gani. Katikati ya zogo hilo Masese akasoma, pole pole, tarehe, saa, mvua, benchi. Alipofika kwenye jina la Sharon kelele zilipungua, na alipotaja hatua sita kutoka benchi hadi mlangoni, hakukuwa na sauti nyingine bungeni.

Walipiga kura. Kumi na tatu walisema ndiyo. Kumi na saba wakasema la.

"Ameshindwa," mama mmoja alisema kwenye benchi.

"Wao ni tisa," mwingine akamjibu. "Hao wanne wametoka wapi?"

Nyanchera alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaingia stoo, akafunga mlango, akalia katikati ya maboksi ya pamba hadi aproni ikalowa.

Masese alifika saa kumi alasiri, kwa miguu kutoka barabarani. Mfuko wa shati lake ulikuwa umechanwa, unaning'inia. Nyanchera alikuwa anafunga dirisha. Walisimama mbali mbali, veranda tupu katikati yao.

"Nimeshindwa," Masese alisema.

"Nimesikia."

"Uwaziri hakuna tena. Chama changu chenyewe kimeniita nijieleze kwa ile barua. Na kwa baba yako siruhusiwi kugusa lango." Alipumua. "Sikuisoma ili unirudie. Nilitaka ulijue hilo. Niliisoma kwa sababu shangazi yako alipokuwa anaongea, nilimwona Osoro amekaa mlangoni, na Osoro yule ni mimi."

"Kwa hivyo hukuja kwa ajili yangu."

"Nimekuja kwa ajili yako. Kusoma ndiko sikusoma kwa ajili yako."

Nyanchera alishuka ngazi. Aliukamata ule mfuko uliochanika, akaubana kifuani pa Masese kwa kiganja, na chini ya kiganja akausikia moyo wa mtu huyu ukidunda kwa nguvu.

"Tangu tujuane," alimwambia, "umemuuliza Tata kama atanitoa, umeniuliza rangi ya gauni. Mimi mwenyewe hujawahi kuniuliza."

Mtu aliyekuwa amewatetemesha wajumbe thelathini asubuhi ile alijifuta viganja kwenye suruali. Aliuliza kwa Ekegusii, kwa maneno machache ya nyumbani, akikosea la mwisho na kulirudia.

Nyanchera alimjibu kwa neno moja. Kisha, kabla ujasiri haujamwisha, akatoa simu na kumpigia baba yake, Masese akiwa amemshika mkono wa pili.

"Tata, niko na Masese. Ameniuliza. Nimemkubali."

Alisikia pumzi ya mzee ikipanda na kushuka. Alijiandaa kwa kila neno ambalo lingeweza kuja, na moyoni alikuwa ameshaamua kwamba hata lije lipi hatalirudisha jibu lake.

"Huyo mtu," Mwalimu Cleophas alisema hatimaye, sauti imemkwaruza, "amekula tangu asubuhi?"

"Bado, Tata."

"Basi mlete. Na umwambie kwamba shangazi yako ameshaenda kulifungua lango."

Simu ikakatika.

"Amesemaje?" Masese aliuliza, kwa hofu ambayo hakuna mtu aliyeiona bungeni.

Nyanchera aliweka simu mfukoni, akajifuta macho, akamvuta kuelekea barabarani.

"Amesema una njaa."